Kichupa Kilichongoja Watoto Kumi

Ninyi mliotoka chuoni juzi, wenye saa zilizobandikwa kifuani na viatu vyeupe visivyolijua tope la Njombe, mmezoea kunisimamisha sokoni na kuniuliza: Sista, korona iliathiri vipi chanjo za watoto? Mnauliza kwa sauti ya chini, kama mnaulizia msiba. Nadhani mnategemea niwaambie kwamba ule ugonjwa ulikaa mlangoni pa zahanati na panga, ukawafukuza akina mama na watoto wao mgongoni. Hakuna kitu kama hicho. Korona ilikuwa na ubaya wake, na watu tuliwazika. Lakini mtoto aliyefika kwetu kuchanjwa surua akarudi nyumbani hajachanjwa, huyo hakurudishwa na korona. Alirudishwa na watu wazima wenye akili zao timamu, wamevaa barakoa safi, na baadaye wakapongezwa kwa kazi nzuri.

Mimi nilichanja watoto tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka nilipostaafu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanya katika zahanati moja ya kijiji, katikati ya Makambako na Njombe mjini. Siku hizi nalima viazi, nina miti michache ya parachichi, na watu bado wananiita Sista. Nitawasimulia ninavyokumbuka. Msitafute mpangilio, na msitafute maneno matamu, hayo mtayapata kwenye semina.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mama wa Kikinga kutoka Makete, Sista Eliza, mwembamba, mkali, asiyependa maneno mengi. Siku yangu ya kwanza alinipa vichupa viwili vya penta, ile chanjo ya magonjwa matano, akaniambia, "Tikisa." Nikatikisa. "Weka mezani, angalia." Nikaangalia. Kimoja kilibaki na ukungu wake vizuri, kingine kikaanza kushusha machicha chini kama togwa lililosahauliwa. Hicho cha pili kilikuwa kimeganda, kikayeyuka, kikafa. Sista Eliza akasema watu wa nyanda za baridi tuna ugonjwa mmoja, tunadhani baridi ni rafiki wa kila dawa. Tunaweka penta ikagusana na barafu, halafu tunamchoma mtoto maji na kujisifu kwamba tumechanja. Nimeona wasomi wengi wakifanya hivyo baada yake, na kila mwaka mwezi wa saba, nyasi zikiwa nyeupe kwa jalidi, bado yuko mtu anayepandisha ubaridi wa jokofu eti dawa isiharibike.

Jambo la pili alilonifundisha ndilo la habari hii. Kichupa cha surua kina unga wa kutosha watoto kumi. Ukishauchanganya na maji yake una saa sita tu. Zikipita, kilichobaki unamwaga, hata kama umechanja mtoto mmoja. Hapo ndipo nesi mwoga anapoanza kuhesabu vichwa kwenye benchi kabla ya kugusa kichupa, kama kondakta anayengoja gari lijae. Sista Eliza hakuwahi kuhesabu. Nilipomuuliza siku moja, tukiwa na mtoto mmoja tu na mvua imefunga njia, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi. "Mtoto yupo mbele yako," akasema. "Unamngoja nani?" Akachanganya, akamchoma, na zile saa zilipokwisha akamwaga kilichobaki bila kuguna. Na mjue kwamba hakuwa anavunja sheria. Ndivyo tulivyofundishwa wote, na ndivyo mlivyofundishwa ninyi: mtoto akifika, kichupa kinafunguliwa.

Sasa korona. Ilipoanza kutajwa, jambo la kwanza lililofanyika ni kuniondoa mimi kwenye chanjo. Nilipelekwa Makambako, pale malori yanayotoka Tunduma yanapopumzika, nikapewa kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, kile chenye umbo la bastola. Mnaijua Makambako na upepo wake. Dereva anashuka kwenye lori, uso umepigwa na baridi ya asubuhi, namwelekezea kile kidude, kinasoma joto ambalo hata chura hana. Kwa hesabu ya kipimajoto kile, nusu ya madereva waliopita Makambako walikuwa maiti wanaoendesha. Mmoja, mzee wa Kinyakyusa mwenye kofia ya sufu, aliniuliza, "Inasemaje, mama?" Nikamwambia, "Inasema umefariki tangu asubuhi." Akafikiri kidogo. "Basi nipe ruhusa nikafie mbele, mzigo unangojwa Dar." Nikampungia mkono akaondoka.

Nilikaa kwenye upepo ule miezi na miezi. Sikatai, mtu wa kuwaangalia madereva alihitajika. Ila nesi aliyejua kila mtoto wa bonde zima, nani amefikisha miezi tisa na nani mama yake ni mzito wa kutoka nyumbani, ndiye aliyechukuliwa akapigie chapa mapaji ya nyuso za watu wanaopita. Nikauliza nani anachanja kule kwetu. Nikaambiwa usijali, huduma zinaendelea. Neno hilo, "zinaendelea", nimeliogopa tangu siku hiyo.

Huku nyuma alibaki Mgaya, mganga mfawidhi wetu, aliyekuwa msimamizi wa zahanati. Kijana msafi, mpole, anayeimba besi kanisani. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mbaya ungemkemea ukamaliza. Mgaya alipokea maelekezo mawili. La kwanza: watu wasikusanyike. La pili, la siku zote: dawa isipotee bure. Kila moja peke yake lina maana. Mgaya akayatii yote mawili kwa pamoja, na humo ndimo watoto walimopotelea.

Zamani siku ya kliniki ilikuwa moja kwa wiki, na benchi lilijaa mpaka akina mama wengine wanakaa kwenye majani. Kichupa cha surua kilifunguliwa asubuhi na mchana kimekwisha. Mgaya akasema huo ni msongamano. Akawagawa akina mama: kitongoji hiki Jumatatu, kile Jumanne, hivyo hivyo mpaka Ijumaa. Wazo zuri sana, hata wakubwa wa wilaya walilisifia. Basi Jumatatu wakaja wanne, wamekaa mbalimbali kama watu waliogombana. Mgaya akahesabu vichwa. Wanne kwa kichupa cha kumi, hapana, hiyo ni hasara. Jamani nendeni, mrudi mkitosha. Jumanne wakaja watatu wengine. Hawatoshi, rudini. Jumatano hivyo hivyo. Mnaona ujinga wake? Aliwatenganisha ili wasiwe wengi, kisha akawarudisha kwa sababu si wengi. Angekaa hivyo miaka ishirini wasingetosha siku hata moja.

Tena kulikuwa na ile ndoo getini. Lazima kunawa kabla ya kuingia, sawa. Lakini mwezi wa sita huku kwetu maji ya ndoo iliyolala nje yanauma kama nyuki. Mama ananawa, vidole vinakufa ganzi, halafu anaambiwa amvue mtoto nguo apimwe uzito na mikono hiyo hiyo. Mtoto anapiga kelele mpaka anageuka rangi. Wapo waliofika getini, wakaitazama ndoo ile, wakageuka na kurudi walikotoka. Mhudumu mmoja alipendekeza maji yachemshwe kidogo. Kikaitishwa kikao. Kikao kikaamua iundwe kamati. Kamati ilipokubaliana kuhusu kuni, baridi ilikuwa imekwisha na tunapanda mahindi.

Niliporudishwa kutoka Makambako, Mgaya alinipokea kwa furaha ya kweli. Akanifungulia jokofu anionyeshe. Vichupa vya surua vimepangwa safu safi, vingi kuliko nilivyowahi kuviona. "Sista, hatujamwaga hata tone," akaniambia. Kwenye mkutano wa Njombe walimtaja kama mfano, huku mwenzake wa zahanati nyingine akisimamishwa mbele za watu aeleze kwa nini amefungua vichupa vingi na kuchanja watoto wachache. Yaani aliyechanja alisimamishwa kama mwizi wa kuku, na ambaye hakuchanja akapigiwa makofi. Nikamuuliza Mgaya, "Hizi dawa zilikuwa za nani?" Akadhani namuuliza kuhusu mzigo uliotoka mkoani, akaanza kunieleza.

Niliwajua watoto waliokosa, na kati yao nilimtafuta kwanza Faraja. Faraja alizaliwa mikononi mwangu. Mama yake, Upendo, anaishi ng'ambo ya bonde, mlima wa pili, mwendo wa kutoka alfajiri ukafika jua limepanda. Nilimkuta sokoni, mtoto mgongoni, amenenepa, ana meno, anavuta kitambaa cha mama yake kichwani. Nikamuuliza kuhusu surua.

"Nilimpeleka, Sista. Mara ya kwanza wakasema si siku yetu. Nikarudi siku yetu, wakasema hatujatosha. Nikarudi tena, hatujatosha. Mtoto akaanza kuumwa mafua, mama mkwe akasema tusimuue njiani kwa sababu ya watu ambao hawamtaki."

"Njoo kesho," nikamwambia. "Nitafungua kwa ajili yake peke yake."

Alitazama chini. "Sasa hivi nyumbani hawataki kabisa, Sista. Uje wewe uongee nao."

Maana wakati huo ilikuwa imeingia chanjo ya korona ya watu wazima, na maneno yalikuwa mengi kama nzi sokoni wakati wa maembe. Mara itageuza damu, mara itaziba uzazi, mara watoto wanawekewa ileile kwa siri kwenye chanjo ya kawaida. Nilikuwa nimesikia sauti hizo kwenye simu za watu na kuzicheka. Nikabeba kisanduku cha baridi, nikapanda ule mlima na hasira zangu zote, nikijua nakwenda kubishana na upuuzi.

Mama mkwe wa Upendo alikuwa jikoni, anamenya viazi.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, Sista. Sogea kwenye moto, umepigwa na baridi."

Nikakaa. Nikaeleza nilichojia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisu kinaendelea na viazi vyake.

"Huyu mtoto alipelekwa kwenu," akasema. "Dawa ilikuwepo. Upendo aliiona kwenye jokofu kwa macho yake. Wakati ule ilikuwa kitu cha thamani sana, mtoto mmoja hastahili kufunguliwa. Sasa imekuja hii sindano ya korona ambayo watu wanaikataa, na ghafla yule mtoto mmoja anafuatwa mpaka mlimani, nesi anapanda kwa miguu, bure. Wewe ungekuwa bibi yake ungefikiri nini?"

Nilikuwa na majibu, na yote yalikuwa kweli. Nikamwambia kila jibu. Lakini niliyasikia mwenyewe yakitoka mdomoni na hayana uzito. Ule haukuwa upuuzi wa simu. Mama yule alikuwa ameangalia tulichofanya, akafikiri sawasawa, akafika mahali ambapo mtu yeyote mwenye akili angefika. Baadaye walikuja wataalamu na gari kutoka mbali, wakafanya mkutano kijijini, wakasema tatizo la watu wa huku ni uelewa mdogo. Nilikaa nyuma nikatafuna midomo yangu. Hakuna aliyewaambia kwamba uelewa wao ulikuwa mkubwa vya kutosha, ila tuliwapa vitu vya ajabu vya kuelewa.

Siku ile ya mlimani Upendo alinisindikiza mpaka kwenye mikaratusi. Akaniomba nimpe muda, aongee na mume wake atakaporudi kutoka kupasua mbao Makete. Yeye alikuwa anaitaka chanjo na mume alikuwa mtu wa kusikia. Na kweli alisikia. Mume aliporudi akamwambia mama yake kwamba Sista ndiye aliyempokea mtoto, haiwezekani amletee sumu. Wakanitumia ujumbe kwamba nije Jumamosi.

Surua ilitangulia. Ilianza kwa watoto wa jirani waliotoka kusalimia ndugu, ikaingia kwa Upendo katikati ya wiki. Macho mekundu, mafua, homa, kisha vipele kutoka nyuma ya masikio. Bibi alimfungia chumbani asipigwe na mwanga, kama walivyofanya wazazi wake, akampaka alichojua kupaka. Alimpenda mtoto yule kuliko roho yake, nataka mjue hivyo. Walipomshusha, kifua kilikuwa kimejaa na mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Tulimkimbiza hospitali. Faraja alifariki mama yake amemshika, na mimi nimeshika mguu wake, sijui kwa nini mguu, ndio uliokuwa karibu.

Kwenye mazishi Mgaya alikuja. Amevaa barakoa mpya, akasimama kwa umbali uliotakiwa, akapewa nafasi ya kutoa salamu za idara ya afya. Akasema kwa sauti yake nzuri ya besi kwamba tumepoteza malaika wetu, na kwamba janga la korona limeathiri sana huduma za mama na mtoto duniani kote. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mtoto ameuawa na surua, dawa yake imelala kwenye jokofu la mtu huyohuyo anayehutubia, na lawama zinapelekwa duniani kote. Nilitetemeka kwa hasira mpaka mama mkwe wa Upendo akanishika mkono, akidhani ni huzuni. Mgaya baadaye alihamishiwa kituo kikubwa zaidi, na nasikia bado anasimamia vizuri.

Ndiyo maana nawacheka mnaponiuliza korona ilifanya nini. Mnataka kuandika ripoti kwamba janga lilikuja, huduma zikashuka, janga likaondoka, huduma zikapanda, na katikati yake hakuna mtu. Mimi nawaambia kwenye katikati hiyo kuna Mgaya anahesabu vichwa. Akina mama walipoacha kuja, alishukuru kwamba msongamano umepungua. Walipokuja, akawarudisha kwa sababu msongamano haukutosha. Na hakuna hata mmoja juu yake aliyeuliza watoto wako wapi. Waliuliza vichupa viko wapi.

Mkitaka cha kujifunza, kipo na ni kidogo. Ukiogopa kumwaga, fanya kazi ya miguu. Mpigie mwenyekiti wa kitongoji jana yake, mtume mtu wa bodaboda apite kwa akina mama wenye watoto wa miezi tisa, watangazie kanisani Jumapili. Hiyo ni kazi yako wewe mwenye mshahara. Ukishindwa kuifanya, na akatokea mtoto mmoja tu kwenye benchi, basi mfungulie huyo mmoja, na jioni mwaga kilichobaki ukiwa umesimama wima. Atakayekuita mkutanoni ueleze, mweleze. Sijawahi kusikia nesi aliyefariki kwa kuulizwa swali mkutanoni.

Nimeamua kuandika haya kwa sababu ya jambo la majuzi. Nilikwenda zahanati yetu kuchukua dawa zangu za presha. Korona imekwisha siku nyingi, ndoo ya getini imepasuka, ndani yake kuku wametaga. Nikaona Upendo anakuja kwa ile njia ya bondeni, mtoto wake mwingine mgongoni, aliyezaliwa baada ya Faraja. Nyuma yake mstari wa akina mama, kila mmoja na wake, wengine sijawahi kuwaona. Nikaja kujua kwamba alizunguka milima yote miwili siku kadhaa akiulizia nani ana mtoto wa miezi tisa, akawashawishi, wengine akawapikia uji walale kwake ili waondoke pamoja. Alipofika mlangoni aligeuka, akawahesabu kwa kidole.

Kazini alikuwa mmoja wenu. Simtaji, anajijua. Alifurahi kweli, akapiga makofi, akasema, "Mama, wewe ni mfano wa kuigwa. Leo tunafungua kichupa bila kupoteza hata tone."

Upendo akamjibu bila kupandisha sauti. "Sikuja kuokoa dawa yenu, Sista. Nimewakusanya hawa ili usiwe na sababu ya kunirudisha."

Mwenzenu alicheka, akidhani ni utani. Upendo alikaa kwenye benchi, akamvua mtoto sweta upande wa kushoto, akaushika ule mkono mdogo akaunyoosha mbele, tayari, kabla hata sindano haijatolewa.